Walter Camp na Mpira Usio na Mwenyewe

Utangulizi

Katika nyanda za Kitui na Makueni, swali la nani mwenye haki juu ya kitu kilichomtoka mtu mkononi ni swali kongwe. Wakamba wa zamani walisifika kwa uwindaji wa uta na mshale, kwa ufugaji wa nyuki na kwa biashara ya pembe za ndovu iliyofika hadi Mombasa katika karne ya 19. Watu wenye kazi za namna hiyo hawakosi migogoro. Mshale ukishatoka upindeni haumo tena mikononi mwa mwindaji. Mzinga ukishatundikwa juu ya mgunga huachwa porini peke yake kwa miezi. Kwa sababu hiyo mishale na mizinga ilitiwa alama za ukoo, ili mali imtambulishe mwenyewe hata akiwa mbali. Ubishi ulipozuka, wazee wa nzama walikaa kitako wakasikiliza na kuamua. Na pale ambapo jicho la shahidi halikuwapo, kiapo cha kithitu kiliingia, nacho kiliogopwa mno.

Hata hivyo, kuna hali ambayo alama haiwezi kuisaidia. Kundi la nyuki likihama mzinga mmoja, huruka angani bila alama yoyote. Si la aliyelipoteza, wala bado si la atakayelipata. Muda huo mfupi wa kitu kutokuwa na mwenyewe ndio unaozitia sheria zote majaribuni.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyelishughulikia swali hilohilo katika uwanja tofauti kabisa. Huyo ni Walter Camp, Mmarekani aliyefariki mwaka 1925, ambaye wanahistoria wa michezo humwita baba wa kandanda ya Kimarekani. Mchezo huo si maarufu katika viwanja vya shule za Mwingi, Wote au Kibwezi. Mpira wake una umbo la yai kama ule wa raga, hubebwa mikononi kuliko unavyopigwa kwa miguu, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu. Lakini tatizo lake kuu la uamuzi, yaani mpira uliomponyoka mchezaji na kugombaniwa na watu wengi, linaeleweka na kila mtu aliyewahi kuamua ugomvi wa mali.

Kuzaliwa na Masomo

Walter Chauncey Camp alizaliwa tarehe 7 Aprili 1859 katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut. Baba yake, Leverett Camp, alikuwa mwalimu. Familia ilihamia New Haven, mji wenye Chuo Kikuu cha Yale, na kijana huyo akasoma katika shule ya Hopkins kabla ya kujiunga na Yale mwaka 1876.

Mwaka huo ulikuwa wa msukosuko katika michezo ya vyuo vya Marekani. Kila chuo kilikuwa na desturi zake. Vingine vilicheza mchezo uliokaribia kandanda ya kawaida, vingine vikapendelea kuubeba mpira. Mnamo Novemba 1876, wajumbe wa Harvard, Yale, Princeton na Columbia walikutana katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, wakakubaliana kuzifuata kanuni zilizoegemea raga ya Kiingereza. Camp aliingia uwanjani wakati kanuni hizo zikiwa bado mbichi.

Sarafu ya Mwaka 1876

Historia za mchezo huo husimulia kisa kimoja cha pambano la Yale na Princeton la mwaka huohuo. Camp alikuwa akikimbia na mpira alipokamatwa na mpinzani. Alipokuwa akianguka, mpira ulimtoka kuelekea mbele ukamfikia mwenzake, Oliver Thompson, ambaye alikimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Wachezaji wa Princeton walipinga vikali, kwa kuwa kanuni za raga hazikuruhusu mpira kurushwa mbele. Refa alishindwa kuamua. Inasimuliwa kwamba alitoa sarafu, akairusha juu, na sarafu ikawapa Yale ushindi.

Kisa hiki kina uzito katika maisha ya Camp kuliko matokeo ya siku ile. Swali lililomshinda refa lilikuwa moja tu: je, mpira ule ulirushwa au uliponyoka? Hapakuwa na kanuni ya kumwelekeza wala msamiati wa kumsaidia kutenganisha tendo na ajali. Kijana aliyenufaika na bahati hiyo ndiye aliyetumia karibu miaka 50 iliyofuata kuandika kanuni ambazo zingeiondoa sarafu mikononi mwa refa.

Mpira Kupewa Mwenyewe

Katika raga ya wakati ule, mchezaji aliyekamatwa aliuweka mpira chini, na makundi mawili yakakusanyika kuuzunguka na kusukumana. Mpira ulikuwa katikati ya miguu ya watu wote na haukuwa wa mtu yeyote. Hakuna aliyejua utatokea upande gani. Kwa lugha nyingine, kila baada ya kukamatwa kwa mtu, mpira ulirudi kuwa kundi la nyuki angani.

Camp hakuridhishwa na hali hiyo. Tangu akiwa mwanafunzi alihudhuria mikutano ya kanuni, na mapendekezo yake yalikataliwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa. Mwaka 1880 alishinda katika mambo mawili. Kwanza, idadi ya wachezaji wa kila upande ilipunguzwa kutoka 15 hadi 11. Pili, na hili ndilo lililouzaa mchezo mpya, timu iliyokuwa na mpira wakati wa kukamatwa ilihesabiwa kuwa bado inaumiliki. Wachezaji wangejipanga pande mbili za mstari, na mchezaji wa kati wa timu yenye mpira angeusukuma nyuma kwa mguu, na baadaye kwa mkono, kumpa mwenzake.

Msomaji anaweza kuliona badiliko hili kuwa dogo, ilhali liliugeuza mchezo wote. Kabla ya 1880, mpira usio na mwenyewe ulikuwa hali ya kawaida. Baada ya 1880, ukawa ajali. Umiliki ulikuwa ndiyo kanuni na kuponyoka kukawa ndiko kuvunjika kwake. Hapo ndipo mpira ulioponyoka ulipopata thamani kubwa, kwa maana ulikuwa mojawapo ya njia chache za kumnyang'anya mpinzani kitu alichopewa na sheria.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kandanda inayochezwa Kitui na Makueni imepita njia inayofanana na hiyo, ingawa kwa kuchelewa. Kwa miaka mingi, refa aliposimamisha mchezo bila kosa la yeyote, aliudondosha mpira kati ya wachezaji wa pande mbili waugombanie. Mwaka 2019 kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na mpira wa kudondoshwa ukaanza kupewa mchezaji wa timu iliyougusa mwisho, au kipa mchezo ukisimamishwa ndani ya eneo la penalti. Wazo ni lile la Camp: mchezo ukisimama, afadhali mpira uwe na mwenyewe.

Kosa la Mwaka 1881 na Dawa Yake

Hata hivyo, kila sheria huzaa hila yake. Mwaka 1881 Yale na Princeton walikutana tena. Kwa kuwa sasa mpira haukuweza kupotea ila kwa kupigwa mbali au kuponyoka, Princeton walikaa nao kipindi kizima bila kujaribu kusonga mbele. Yale wakafanya vivyo hivyo katika kipindi kilichofuata. Mchezo uliisha sufuri kwa sufuri na watazamaji wakakasirika. Camp alikuwa ametoa haki ya kumiliki bila kuiambatanisha na wajibu wowote, na wenye mali waliikalia kama mtu aliyeziba kisima.

Dawa yake ilipatikana mwaka 1882. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusonga yadi 5. Ikishindwa, mpira ulikwenda kwa wapinzani, isipokuwa kama timu hiyo ilikuwa imerudi nyuma yadi 10. Ili refa aweze kupima, uwanja ulichorwa mistari mingi sambamba, na mistari hiyo ikaufanya ufanane na wavu wa kuchomea nyama. Mwaka uliofuata, alama za tarakimu zilianza kutumika kuhesabu mabao. Kwa hatua hizi, Camp alijenga sheria ambayo kila mtu aliyezoea mashamba ya nyanda kame angeielewa: mwenye kushika hana budi kutumia, vinginevyo anaachia.

Refa na Mashahidi

Sheria bila mwamuzi ni maandishi tu. Hapo mwanzo, kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na refa mmoja akawekwa kati yao. Waamuzi hao wa timu walikuwa mawakili kuliko waamuzi. Kila mpira ulipoponyoka, kila mmoja alidai upande wake ndio uliouangukia kwanza, na refa akawasikiliza wakishindana kwa ndimi. Mfumo huo uliachwa katika miaka ya 1880. Badala yake waliwekwa wasimamizi wasioegemea upande, nao wakagawana kazi: mmoja kuutazama mpira, mwingine kuwatazama watu. Mgawanyo huo una hekima yake, kwani jicho linalofuata mpira haliwezi kuona mkono unaompiga mtu mbali na mpira.

Kulikuwa pia na tatizo la kujua mchezo unaisha wakati gani. Katika kanuni za enzi hiyo, mchezaji aliyeshikwa alitakiwa apaze sauti mwenyewe kutangaza kwamba amekamatwa. Mpaka atamke, wenzake waliweza kumvuta mbele na wapinzani kuupokonya mpira mikononi mwake. Uamuzi ulikuwa juu ya ulimi wa mtu aliyelaliwa na watu kumi. Baadaye uamuzi huo uliondolewa kwa mchezaji ukapewa firimbi ya refa. Tangu hapo, swali la kila mpira ulioponyoka limekuwa swali la wakati: je, ulitoka kabla mchezaji hajahesabiwa kuwa amekamatwa, au baada ya hapo? Ukitoka kabla, ni wa atakayeupata. Ukitoka baada, bado ni wa mwenyewe, hata kama umeokotwa na kukimbizwa hadi mwisho wa uwanja.

Ndoa, Kazi na Sifa

Camp hakuishi kwa mchezo. Alianza masomo ya udaktari Yale lakini hakuyamaliza. Aliajiriwa katika kampuni ya kutengeneza saa ya New Haven Clock, ambako alipanda ngazi hadi kuwa mkuu wa kampuni mwaka 1903. Mwaka 1888 alimwoa Alice Graham Sumner, ndugu wa mtaalamu wa elimu ya jamii William Graham Sumner, na wakajaliwa watoto wawili. Kwa kuwa saa za kazi zilimfunga, mkewe alihudhuria mazoezi ya Yale alasiri na kumweleza jioni yale aliyoyaona. Historia mara nyingi humtaja mume peke yake, lakini ushindi wa Yale wa miaka hiyo una alama ya jicho la bibi huyo.

Na ushindi wenyewe haukuwa mdogo. Mwaka 1888 Yale walifunga alama 698 bila kufungwa hata moja. Kati ya 1888 na 1892, timu chini ya Camp ilishinda michezo 67 na kupoteza 2. Aidha, aliandika vitabu vingi, na kuanzia mwaka 1889 jina lake lilihusishwa na orodha ya kila mwaka ya wachezaji bora wa taifa zima.

Damu ya Mwaka 1905

Sifa hizo hazipaswi kuficha upande wa pili. Mwaka 1888, kanuni ziliruhusu mchezaji akamatwe chini ya kiuno hadi magotini. Wakimbiaji wakashindwa kupita pembeni, na timu zikaanza kusongamana na kusukumana kwa wingi. Mwaka 1892 Harvard waliwashambulia Yale kwa kikosi kilichojipanga mfano wa kabari na kukimbia kwa kasi kumwelekea mtu mmoja. Kila mpira ulioponyoka katika msongamano huo ulizaa lundo la miili, na ndani ya lundo refa hakuona kitu. Waliokuwa chini waling'atana, wakatiana vidole machoni na kuvunjana mifupa wakigombania kitu ambacho sheria ilisema ni cha yeyote.

Msimu wa mwaka 1905 ulihesabiwa vifo vipatavyo 18. Mwezi Oktoba mwaka huo, Rais Theodore Roosevelt aliwaita wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton Ikulu, na Camp alikuwa miongoni mwao. Vyuo vingine vilitishia kuufuta mchezo huo. Camp alipendekeza umbali wa kusonga uongezwe kutoka yadi 5 hadi 10, ili timu zilazimike kutawanyika. Lakini alilipinga pendekezo la kuruhusu mpira urushwe mbele kwa mkono. Mtu aliyenufaika na mpira uliokwenda mbele mwaka 1876 sasa aliufunga mlango huohuo.

Hakufaulu. Kanuni za mwaka 1906 zilichukua yadi 10 za Camp pamoja na mpira wa kurushwa mbele alioukataa, na ushawishi wake katika kamati ukapungua. Hapa ndipo tabia yake inapopimwa. Aliendelea kukaa katika kamati hiyo na kuhudhuria mikutano yake hadi mwisho wa uhai wake, akiusimamia mchezo ambao haukuwa tena wake peke yake.

Kurusha na Kuponyoka

Kanuni ya 1906 ililirudisha swali la sarafu. Maadamu kurusha mbele kumekuwa halali, refa hana budi kutofautisha mpira uliorushwa ukaanguka chini na mpira ulioponyoka. Mwanzoni tofauti hiyo haikuwa na faida kubwa, kwa sababu mpira uliorushwa ukaanguka bila kuguswa ulipewa wapinzani. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 5 Septemba 1906, wakati Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alipojaribu kurusha kwa mara ya kwanza chini ya kanuni mpya: mpira ulianguka na timu yake ikaupoteza. Baadaye adhabu hiyo iliondolewa. Sasa mpira uliorushwa ukaanguka hubaki wa mwenyewe, na ulioponyoka ni wa mwenye kuuwahi. Tofauti ya maneno mawili ikawa tofauti ya ushindi na kushindwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana njia nzuri ya kuielewa tofauti hii. Katika sentensi mchezaji ameurusha mpira, mchezaji ndiye kiima na mtenda, nao mpira ni yambwa. Katika sentensi mpira umemponyoka mchezaji, mambo yamepinduka: mpira ndio kiima, na mchezaji, aliyekuwa bwana, sasa ni kiambishi kidogo ndani ya kitenzi. Nia imeondoka. Na tukisema mchezaji amepokonywa mpira, mtenda mwingine ameingia hata asipotajwa. Refa anapotazama mkono wa mchezaji ulikuwa ukielekea wapi mpira ulipotoka, anachotafuta ni kiima cha sentensi.

Ugumu wa kazi hiyo ulidhihirika muda mrefu baada ya Camp. Mwaka 1999 ligi ya kulipwa ya Marekani iliweka kanuni kwamba mkono uliokwisha kuanza kwenda mbele uhesabiwe kuwa unarusha, hata kama mchezaji ameghairi na kuurudisha mpira kifuani. Tarehe 19 Januari 2002, theluji ikianguka, mpira ulimtoka Tom Brady wa New England alipogongwa na Charles Woodson wa Oakland. Awali ulihesabiwa kuwa umeponyoka. Refa Walt Coleman aliitazama upya picha, akaamua kwamba kwa mujibu wa kanuni ulirushwa, na New England wakashinda. Refa aliifuata sheria, lakini wengi waliona kuwa sheria imeuita mponyoko mrusho. Mwaka 2013 kanuni hiyo ilifutwa.

Mwisho wa Safari

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Camp alisaidia kusimamia mazoezi ya wanamaji wa Marekani, akabuni mazoezi 12 mafupi ya kila siku ambayo yalienea hata kwa raia. Mnamo Machi 1925 alisafiri kwenda New York kuhudhuria mkutano wa kamati ya kanuni. Tarehe 14 hakutokea kikaoni. Wenzake walipokwenda kumtafuta hotelini, walimkuta amefariki usingizini, akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa New Haven, na mwaka 1928 lango la kumbukumbu yake lilizinduliwa katika uwanja wa Yale.

Hitimisho

Camp hakuweza kumaliza ugomvi wa mpira ulioponyoka, na kamera za leo hazijaumaliza. Hadi sasa, watu wakilaliana juu ya mpira, waamuzi huinama, humwondoa mmoja baada ya mwingine, na kuangalia nani ameushika aliye chini kabisa. Wakati mwingine mpira umehama mikono mara tatu humo ndani na hakuna atakayejua. Wazee wa nzama, walipofika penye giza la namna hiyo, waliukabidhi ukweli kwa kithitu na hofu ya mwapaji. Camp aliukabidhi kwa mtu mmoja mwenye firimbi, akimtaka atazame vizuri na atamke upesi.

Alichofanikiwa nacho ni kuupunguza muda ambao kitu hakina mwenyewe, na kuyafanya yaliyobaki yaamuliwe kwa maneno yaliyokubaliwa kabla ya mchezo kuanza. Pale alipotoa haki bila wajibu, mwaka 1881, mchezo ulikwama. Pale kanuni zilipoacha lundo liwe mahakama, watu walikufa. Katika wilaya ambazo mizinga ingali ikitundikwa mitini, somo hilo halihitaji mkalimani.